Namba ya Ambilikile

Bulyaga, Tukuyu
18 Februari 2024

Shemeji Lugano,

Huku tuko wazima, tunalowa tu. Mvua imenyesha siku kumi na moja bila kupumzika na njia ya kwenda Kawetele kwa Mama imekuwa tope tupu. Mama yenu Felista anawasalimu sana. Goti linamsumbua lakini mdomo hauna tatizo, juzi amenigombeza kwa kununua maharage sokoni wakati ya kwake yapo darini. Tulia yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na kila akija likizo anatupima presha wote, hata wageni. Mama Fred na watoto wanaendeleaje na joto la Tabora? Nimempa kondakta mkungu mmoja wa ndizi na parachichi kumi na tano. Zihesabu zikifika.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu ya dukani wanaishika mafundi wote, meseji zangu wanazisoma kabla yangu, na fundi Wilson ana tabia ya kunijibia. Jambo hili sitaki Wilson anijibie.

Ni habari ya duka. Tangu tumzike kaka yako, Oktoba 2020, nimeendelea kuuza spea za pikipiki kama alivyoniachia. Kodi nalipa mara nne kwa mwaka, sijaruka hata moja, na ninalipa kwa namba yake ileile ya mlipakodi, TIN. Sasa leseni ya biashara imeisha, na halmashauri hawatoi nyingine mpaka nilete hati ya TRA kwamba hatudaiwi. Nimekwenda TRA. Dada wa dirishani, anaitwa Agness, msichana mwenye adabu zake, ameniambia mwaka huu mwenye namba aje mwenyewe na kitambulisho chake cha NIDA, waweke taarifa zake sawa.

Wewe unafundisha hesabu za biashara, haya mambo unayala na kuyanywa. Naomba unieleze: iko namna ya kuipata hiyo hati bila mwenye namba kwenda? Mkaguzi wa leseni amenipa mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo anaweka kufuli, na karo ya Tulia inatoka humohumo dukani.

Nisalimie Mama Fred.

Mke wa kaka yako,
Mama Tulia


Tabora
6 Machi 2024

Mama Tulia, shikamoo.

Barua imefika siku ya nane, pamoja na mkungu na parachichi kumi na tatu. Wewe umeandika kumi na tano. Mwambie huyo kondakta kwamba nyumba hii ni ya mwalimu, kutoa tunajua.

Mama Fred anashukuru. Fred ameingia kidato cha pili na amenipita urefu, sasa nikimgombeza inabidi aketi kwanza. Joto usiulize. Nawatumia asali chupa mbili, moja yako na moja ya Mama. Kubwa ni ya Mama.

Sasa kodi. Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, usiudhike. TIN si ya duka, ni ya mtu. Duka likipata mwenyewe mwingine, namba haihami nalo. Shamba linarithiwa, ng'ombe anarithiwa, hata madeni ya mtu yanaweza kulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, lakini namba yake hairithiwi na yeyote. Maana yake fedha yote uliyolipa tangu 2021 imeandikwa kwa jina la kaka, na wewe Esnath, kwenye vitabu vyao, hujawahi kuuza hata plagi moja.

Kinachotakiwa ni kutoa taarifa kwamba mwenye namba amefariki. Ukoo ukae, umteue msimamizi wa mirathi, yeye ndiye atakayefunga mambo ya kaka kule. Wewe uombe TIN yako kwa namba yako ya NIDA. Haina malipo, mtu asikudanganye. Ukiipata utakadiriwa wewe mwenyewe. Mfanyabiashara wa ukubwa wetu anaangaliwa mauzo ya mwaka. Yakiwa madogo kabisa halipi, yakipanda analipa kwa ngazi. Asiyeweka kumbukumbu anapangiwa kiasi cha ngazi yake, na anayeweka anapigiwa hesabu ya alichouza kweli, ambayo mara nyingi inatoka pungufu. Ndiyo maana napiga kelele watu waandike. Makadirio yanapelekwa kabla ya Machi kwisha, malipo ni Machi, Juni, Septemba na Desemba, kama ulivyokuwa ukifanya. Na leseni ya halmashauri ni kitu cha pembeni, usidhani ukilipa huku umemaliza na kule.

Kuhusu cheti cha kifo, kinatolewa ofisi ya wilaya. Hilo tutaliona.

Lakini kuna kitu umekiruka. Umesema Agness anamtaka mwenye TIN. Hukusema wewe ulimjibu nini. Miaka yote hii walipouliza yuko wapi, ulikuwa unawaambia nini?

Desemba nilitaka kuja nikaitwa kusahihisha mitihani. Mwaka huu tukijaliwa.

Shemeji yako,
Lugano


Bulyaga
5 Aprili 2024

Shemeji Lugano,

Asali imefika. Mama aliziinua chupa zote mbili, akapima uzito kwa mkono, akachukua kubwa kabla sijafungua kinywa. Anashukuru sana, ndaga fijo, na anauliza mitihani ya Tabora ina kurasa ngapi kwamba inasahihishwa Desemba nne mfululizo. Nimekufikishia kama alivyosema.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu. Kumbe nikiandika nitalipa pungufu! Kaka yako alikuwa haandiki, unakumbuka zile spoku zake. Akiuza kitu anachana kipande cha boksi lake, anakichoma kwenye spoku ya pikipiki iliyoning'inia ukutani, spoku moja mwezi mmoja. Mimi nimeendelea hivyohivyo. Tangu aondoke zipo spoku arobaini na moja. Nimeanza kuzihamishia kwenye daftari na nimefika Mei 2022. Mwezi ule peke yake niliuza breki shuu mia moja na kumi na mbili, maana mteremko wa hapa kwetu ukilowa haumwonei huruma mtu. Sikujua kama ninauza kiasi hicho. Nilikaa kidogo nikijitazama.

Uliniuliza niliwajibu nini TRA. Niliwajibu yanayotosha.

Sasa kuna jambo nimeliwaza, usikasirike. Wewe na kaka yako sura ni moja. Mama mwenyewe akiwa hajavaa miwani alikuwa anawakosea. Kitambulisho chake ninacho kwenye kabati. Ungekuja siku moja tu, ukavaa lile koti lake la kijivu, ukakaa pale dirishani dakika kumi, hati ikatoka, ukarudi Tabora na ndizi zako. Hakuna anayeibiwa. Kodi yao nimelipa yote.

Nimewaza tu.

Mama Tulia


Tabora
17 Aprili 2024

Shemeji,

Hapana.

NIDA ina alama za vidole. Hata isingekuwa nazo, hapana. Huo ni uongo kwa serikali kwa kutumia kitambulisho cha mtu aliyefariki, na tutafungwa wote wawili, mimi na kazi yangu nikiwa nimeipoteza. Naomba barua ile uichome.

Na naomba unijibu nilichouliza. Uliwaambia kaka yuko wapi?

Mama Fred anawasalimu.

Lugano


Bulyaga
12 Mei 2024

Shemeji Lugano,

Nisamehe kwa habari ya koti. Barua siwezi kuichoma kwa kuwa iko kwako, ichome wewe. Huku maharage yamekubali, Mama anavuna kwa kukaa kwenye kigoda na kutuonyesha kwa fimbo mahali tulipoacha. Tulia amefaulu mitihani ya muhula. Karo ya Septemba bado.

Haya, najibu. Machi 2021 walipouliza nilisema anaumwa. Mwaka uliofuata nilisema amesafiri. Mwaka jana Agness ndiyo kwanza alikuwa mgeni pale dirishani, akaniuliza, "Mama, baba amesafiri kwenda wapi?" Sikuwa nimejiandaa. Nikasema yuko Tabora, kwa mdogo wake. Akaandika kitu, akasema, "Akirudi mwambie apite."

Kwa hiyo kwa TRA kaka yako yuko kwako, shemeji. Mpe chakula.

Usiniulize kwa nini nilisema hivyo. Hilo nitalijibu siku yake.

Baada ya barua yako nilikaza moyo, nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda ofisi ya wilaya kuomba cheti cha kifo. Yule mama wa pale alinipokea vizuri, akaniuliza kibali cha mazishi kilichotolewa hospitali kiko wapi. Nikasema sijui, nafikiri sikuwahi kukishika. Akanituma hospitali. Hospitali wakafungua daftari lao la Oktoba 2020, wakakuta kibali kilitolewa siku ileile na kilipokelewa kwa sahihi. Wakanigeuzia daftari nisome. Lugano Mwasomola, mdogo wa marehemu. Ile L yako yenye mkia mrefu naijua hata gizani.

Nikakumbuka sasa. Baada ya mazishi ukoo ulikukabidhi wewe kazi ya cheti, kwa kuwa ndiye msomi. Nami nikajua imeisha, sikuuliza tena.

Karatasi unayo?

Mama Tulia


Bulyaga
10 Juni 2024

Shemeji,

Kondakta ameniapia kwamba barua yangu ya Mei aliipokea Mama Fred kwa mkono wake. Kwa hiyo imefika.

Sijakuuliza kwa hasira. Nilikuuliza kwa sababu zimebaki siku ishirini. Mkaguzi wa leseni alipita jana, hakunitukana, alisimama tu mlangoni akatazama kufuli langu kama mtu anayepima lake litakaa wapi. Wilson ameanza kuulizia fremu nyingine ya kufanyia kazi pale stendi. Anadhani sijui.

Mama ni mzima. Baridi imeanza.

Nitumie karatasi, au nitumie jibu.

Esnath


Tabora
16 Juni 2024

Mama Tulia, shikamoo.

Karatasi ninayo. Imo ndani ya bahasha hii, usiikunje tena, imekunjwa kiasi cha kutosha.

Nimeiweka miaka mitatu na miezi minane kwenye sanduku langu la bati, chini ya vyeti vyangu vya ualimu. Mama Fred hakujua. Alinikuta nayo mkononi wiki iliyopita akasoma, akaenda kunichemshia chai.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana nimechoka nayo. Jumatatu baada ya mazishi nilikwenda ofisi ya wilaya kama nilivyotumwa. Nilipanga foleni vizuri kabisa. Mbele yangu alikuwa mtu mmoja wa Kyimo amekuja kuandikisha mtoto aliyezaliwa, anacheka na kila mtu. Zamu yangu ikafika, karani akaniuliza, "Jina la marehemu?" Shemeji, nilikuwa nimelitamka jina la kaka mara elfu katika siku zile. Nimelitamka kanisani, nimelitamka kaburini. Lakini pale karani alikuwa ameshika kalamu, anasubiri kuliandika kwenye safu ya waliokufa, na mimi nikashindwa. Nilisema nimesahau kitambulisho. Nikatoka, nikapanda gari mpaka Mbeya, na kesho yake basi la Tabora. Nilijiambia nitarudi likizo ya Desemba nimalizie.

Mitihani niliitwa mwaka mmoja tu, ule wa kwanza. Miaka mingine nimeomba mwenyewe niitwe. Ningekuja bila cheti mngeniuliza, na ningekuwa na uongo gani?

Kwa hiyo mimi niliyekuandikia "tutaliona" kuhusu cheti nilikuwa nimekalia karatasi yake. Nimekufundisha kodi kwa kurasa mbili nikakuficha mstari mmoja uliokuwa unautafuta. Naona aibu. Nimeambatanisha pia barua yangu kwa ukoo, kwamba mimi mdogo wa marehemu sina dai lolote juu ya duka na ninakupendekeza wewe uwe msimamizi wa mirathi. Mpe mzee wetu Baba Andrea aisome kwenye kikao, sauti yake ikisoma hakuna anayebisha.

Usisubiri mirathi ili uombe TIN yako. Hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Kachukue cheti, kisha nenda kwa Agness umweleze kweli tupu.

Lakini nami nina swali, na nadhani nimepata haki ya kuuliza. Kwa nini hukuwaambia tu kwamba amefariki? Wewe si mwongo. Mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kuficha.

Lugano


Bulyaga
24 Julai 2024

Shemeji Lugano,

Kaa chini, hii ni ndefu.

Karatasi ilifika tarehe ishirini na sita Juni. Nilikwenda nayo ofisi ya wilaya asubuhi ya pili. Yule mama aliniuliza jina la marehemu na mimi nikalisema. Nilikuwa nimesoma barua yako, nilijua pale ni mahali pa namna gani, kwa hiyo nilishika meza kwanza. Cheti kikachukua siku zake. Tarehe moja Julai mkaguzi akaja akaweka kufuli. Hakuwa na namna, na mimi sikumlaumu. Siku kumi na tisa duka limefungwa. Wilson na wenzake wamekaa kibarazani wanafungua injini kwenye baridi, wakihitaji spea wanapanda juu mpaka kwa watu wengine, na kila akirudi ananionyesha bei aliyonunulia ili niumie. Nimeumia. Lakini hakuhama. Nilimuuliza habari ya fremu ya stendi akasema alikuwa anaulizia tu.

Kikao cha ukoo tulikaa nyumbani kwa Mama, Kawetele. Baba Andrea alisoma barua yako. Kilichukua muda mfupi kuliko chai. Mahakama ya mwanzo imepokea maombi na tangazo limebandikwa, tunasubiri siku zake.

Sasa Agness. Nilikwenda na cheti cha kifo, NIDA yangu, mkataba wa fremu, barua ya mwenyekiti wa mtaa na daftari langu, spoku zote arobaini na nne zimo. Nilimsogezea cheti. Akasoma. Nikaona macho yake yamefika kwenye tarehe, yamesimama pale, yamerudi juu. Nikamwambia, "Mwanangu, Tabora hakwenda." Akaniambia, "Pole mama." Akauliza, "Malipo haya yote tangu 2021 alikuwa analipa nani?" Nikasema mimi. Akauliza, "Na hili daftari ni mauzo ya nani?" Nikasema yangu. Akasema, "Basi mlipakodi ni wewe, tulikuwa hatujakuandika tu." Akamwita mkubwa wake. Yule baba alinieleza kwa upole lakini bila kunificha kwamba nilifanya kosa, kwamba taarifa za namna ile zinatakiwa mapema, na akaniandikisha maelezo yangu kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Niliandika yote, hata ule ugonjwa wa 2021.

Na hapa ndipo ninapojibu swali lako.

Umesahau, nami nimekusubiri ukumbuke mwenyewe. Siku tulipoanua matanga ukoo wote ulishuka mpaka dukani. Wewe ulisimama mlangoni, macho mekundu, ukasema, "Ndugu zangu, jina la kaka lisitoke hapa. Duka hili ni la Ambilikile mpaka mwisho." Wazee wote wakaitikia. Baba Andrea akagonga fimbo chini. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye boksi la tairi na shuka kichwani, sikuulizwa na wala sikutaka kuulizwa. Nililipokea. Baada ya miezi mitano niko dirishani TRA, mtu ananiuliza mwenye namba yuko wapi, na ninajua nikisema amekufa watalifuta lile jina. Nitarudi vipi kwa ukoo niseme nimelitoa mimi, kwa kodi? Nikasema anaumwa. Ukishasema anaumwa, mwaka unaofuata inabidi useme kitu kingine.

Na kweli nyingine ni kwamba nilikuwa napenda. Mara nne kwa mwaka ilikuwa inakuja risiti ya malipo imeandikwa jina lake. Hakuna mahali pengine alipokuwa akiandikwa tena.

Agness alipokuwa ananijazia fomu yangu akafika kwenye jina la mwenye biashara, akaandika Esnath. Halafu akafika chini, akauliza, "Jina la duka?" Nikamwambia sijui, lilikuwa Ambilikile Spea, sasa mtalifuta. Akanitazama. Akasema, "Mama, anayebadilika ni mmiliki. Jina la duka ni lako, ukalisajili tu, unaweka unalotaka."

Shemeji, nililia pale pale, mbele ya foleni. Miaka yote ile nimemuuguza mtu aliyezikwa, nimemsafirisha, nimemleta mpaka kwako, na jina lilikuwa halitoki! Swali moja tu lingetosha, na sikuliuliza kwa kuwa niliogopa jibu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanipa leso, akadhani nimekadiriwa vibaya.

Sijakadiriwa vibaya. Kwa lile daftari imetoka pungufu kuliko walivyokuwa wanampangia kaka yako, kama ulivyosema. Leseni nimepata, na faini yake ya kuchelewa nimelipa. Tarehe ishirini nimefungua. Mteja wa kwanza alikuwa Wilson, cheni moja na plagi mbili. Nimeandika kwenye daftari, halafu kipande cha boksi nimekichoma kwenye spoku vilevile. Hiyo sitaiacha, usijisumbue kunifundisha.

Karo ya Septemba itatimia. Kwa shida, lakini itatimia.

Hujakosa peke yako. Hilo nilitaka ulisome kwa mwandiko wangu.

Esnath


Bulyaga
10 Novemba 2024

Shemeji Lugano,

Mvua zimerudi na biashara ya breki imerudi nazo. Tulia yuko mafunzo ya vitendo, amezalisha mama wa kwanza, akanipigia simu analia kuliko mtoto. Mama ameanza kulala mapema na kuamka mapema zaidi. Goti lilelile. Hakuna ndizi safari hii, nitakueleza kwa nini.

Mirathi imekwisha, mahakama imenipa barua ya usimamizi. Juzi nimekwenda nayo TRA na wameifunga namba ya Ambilikile. Hapadaiwi kitu. Ile karatasi yake ya TIN iliyokuwa imebandikwa dukani nyuma ya tairi nimeibandua, yangu ndiyo iko pale. Ya kwake nimeiweka kwenye bahasha hii. Iweke sandukuni, pale ulipotoa ile nyingine. Ukitaka kuitazama itazame, hakuna atakayekuuliza.

Ndizi sijatuma kwa sababu nimechoka kumlisha kondakta. Mama ameuliza kama utaomba tena kuitwa kusahihisha. Nilimwambia mwaka huu hapana. Nimesema kwa niaba yako, kwa hiyo uwe mwangalifu usinifanye mwongo, nimeshaacha.

Nilipokuwa natoka TRA, Agness aliniita nimefika mlangoni. Akaniuliza, "Mama, lakini yule mdogo wake wa Tabora, yeye yupo kweli?" Nikamwambia yupo, ni mwalimu, hajarudi nyumbani tangu mazishi.

Akasema, "Akirudi mwambie apite."

Esnath